Uhuru wa cheri: mkataba wa Chile na China ulivyoyageuza mabonde mawili

Ushuru wenyewe ulikuwa asilimia 10. Kabla ya Oktoba 2006, hicho ndicho kiwango ambacho China iliiwekea cheri mbichi ya Chile, sawa na cheri ya taifa lingine lolote lisilo na makubaliano maalumu. Ushuru huo ukifutwa, boksi la kilo tano linashuka bei kidogo, na mnunuzi wa Guangzhou pengine hata asitambue. Lakini leo ukitoka Santiago kuelekea kusini kwa barabara kuu ya Ruta 5, ukapita Rancagua, San Fernando na Teno hadi Curicó, kwa muda wa saa mbili hivi utakuwa unaiona miti ya cheri kulia na kushoto. Mashamba ya cheri nchini humo yamepita hekta 60,000, na sehemu kubwa iko kwenye mabonde ya mikoa miwili tu, O'Higgins na Maule. Punguzo la asilimia 10 haliwezi kuotesha yote hayo peke yake.

Kwa hiyo mtu akiuliza mkataba wa biashara huria na nchi ya Asia unaunufaisha vipi uchumi wa mkoa, mimi huanza na mabonde haya. Faida ipo, tena kubwa, ila ilipita njia ambayo wasomaji wa takwimu za ushuru hawaitazami.

Mkataba na kile ambacho haukukifanya

Chile ilianza mapema. Mkataba wake na Korea Kusini ulianza kazi tarehe 1 Aprili 2004, na kwa Korea huo ulikuwa mkataba wa kwanza wa aina hiyo na nchi yoyote. Wakulima wa zabibu wa Korea waliupinga kwa maandamano, na mwishowe zabibu za Chile zikapewa nafuu ya ushuru kwa miezi ile tu ambayo mizabibu ya Korea imelala kwa baridi. Mkataba na China ulitiwa saini tarehe 18 Novemba 2005 mjini Busan, Korea Kusini, pembeni ya mkutano wa APEC, jumuiya ya uchumi ya nchi za Asia na Pasifiki, ukaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2006. Japani ilifuata Septemba 2007. Baadaye zikaja Malaysia, Vietnam, Thailand na Indonesia. Kwa nchi yenye watu wasiofika milioni 20, iliyobanwa kati ya Andes na Pasifiki, hiyo ni orodha ndefu.

Wanasiasa wa Santiago wakitaka kuonyesha mafanikio ya mkataba wa China huonyesha jumla ya mauzo, na ndani ya jumla hiyo shaba imemeza kila kitu. Hapa tusidanganyane. Makinikia ya shaba yalikuwa yanaingia China bila ushuru hata kutoka nchi zisizo na mkataba, kwa sababu viwanda vya China viliyahitaji. Shaba ingekwenda tu, saini iwepo isiwepo. Anayetaka kupima kazi ya mkataba aiache shaba pembeni, ashuke mashambani.

Na mashambani ushuru ulishuka kwa ngazi. Bidhaa nyingine zilifika sifuri siku ya kwanza, nyingine zikapangiwa miaka kadhaa, za mwisho zikapewa hadi kumi. Ilipofika 2015, karibu kila kinachotoka Chile kiliingia China bure. Ratiba hiyo, iliyoandikwa na kujulikana na kila mtu tangu mwanzo, naiona kuwa na thamani kuliko hiyo asilimia 10.

Sababu iko kwenye mti. Mcheri unapandwa leo, unaanza kutoa matunda machache mwaka wa tatu, na mavuno kamili unayaona mwaka wa sita au wa saba. Kabla ya hapo mkulima ameshanunua miche, amevuta mabomba ya umwagiliaji, amesimika nguzo, na benki inamdai. Mkulima wa Teno aliyepanda mwaka 2008 alikuwa anacheza kamari juu ya soko la 2015. Mkataba ulimwambia kitu kimoja cha hakika kuhusu mwaka huo wa mbali: ushuru utakuwa sifuri, na haitakuwa hiari ya waziri fulani anayeamka vibaya. Mtu wa mahindi anaweza kubadili mawazo kila msimu, na anayepanda miti anahitaji ahadi yenye umri mrefu kuliko serikali. Maafisa wa mkopo nao waliisoma ratiba hiyo hiyo.

Thamani ya uhakika huo ilionekana 2018, Marekani na China zilipoanza kulipizana kisasi. Cheri za Marekani zilipandishiwa ushuru mara mbili ndani ya miezi michache hadi kufikia asilimia 50. Hazishindani moja kwa moja na za Chile, maana majira ya kaskazini na kusini yamepishana, ila wakulima wa jimbo la Washington walijifunza maana ya kuuza bila mkataba.

New Zealand ilikuwa nao pia

Kuna jaribio la asili ambalo halitajwi sana. New Zealand ilitia saini mkataba wake na China mwaka 2008. Nayo iko kusini mwa dunia, nayo inalima cheri, katika Central Otago, na cheri zake ni nzuri mno. Ushuru wake nao ukafika sifuri. Hata hivyo cheri zake zinapanda ndege, kidogo kidogo, na kuuzwa kama zawadi za watu wenye pesa. Chile ilipokuwa inaanza mkataba ilikuwa inauza duniani kote chini ya tani 50,000 za cheri kwa msimu. Msimu wa 2024/25 iliuza zaidi ya tani 600,000, na zaidi ya asilimia 90 ya hizo zilikwenda China. Thamani ya mauzo ya mwaka imefika takriban dola bilioni 3 za Marekani, na kuipita divai, ambayo kwa miaka ndiyo iliyokuwa sura ya kilimo cha Chile nje.

Ushuru wa nchi hizo mbili ulikuwa sawa, kwa hiyo tofauti lazima itafutwe kwingine. Nami naiona sehemu tatu: karantini, bahari na kalenda.

Karantini kwanza, kwa kifupi. Ushuru sifuri bila kibali cha afya ya mimea ni karatasi tu. Chile imelindwa na jangwa la Atacama, Andes, bahari na barafu, na idara yake ya kilimo na mifugo, SAG, inapigana na nzi wa matunda kana kwamba ni jeshi lililovamia. Akinaswa nzi mmoja kwenye mtego, eneo zima huwekwa chini ya ulinzi. Kila shamba na kila kituo cha kufungashia kinachouza China lazima kiwe kwenye orodha inayotambuliwa na forodha ya China. Wakulima wa parachichi wa Njombe na Murang'a wanalijua jambo hili bila kusimuliwa. Kenya iliafikiana na China kuhusu parachichi mbichi mjini Mombasa Januari 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Agosti. Tanzania ilitia saini yake Novemba mwaka huohuo mjini Beijing, kisha kuanzia tarehe 1 Desemba 2024 China ikaziondolea ushuru bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo, Tanzania ikiwemo. Kwa upande wetu nzi alitangulia kujadiliwa, ushuru ukafuata.

Siku ishirini na kitu

Bahari na kalenda siwezi kuzitenganisha.

Kwa Kichina cha sokoni cheri kubwa ya kutoka nje inaitwa *chelizi*, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza kupitia Kikantoni. Cheri ndogo ya kienyeji ina jina lake jingine. Chelizi ni nyekundu, ni ya mviringo, inang'aa, na inafika wakati wa baridi ambapo matunda ya nyumbani ni machache. Rangi nyekundu na umbo la duara vyote ni dalili za heri kuelekea Mwaka Mpya wa Kichina, ambapo mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Boksi la cheri likawa zawadi. Mwanzoni mwa 2019 vijana wa mitandaoni huko wakabuni msemo, "uhuru wa cheri", yaani hali ya kununua chelizi bila kutazama bei kwanza. Aliyeufikia uhuru huo amefanikiwa maishani.

Sasa tazama hesabu ya mkulima. Cheri za Chile huiva kuanzia Novemba hadi Januari. Mwaka Mpya wa Kichina unafuata mwezi, kwa hiyo unaangukia popote kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Meli ya kawaida, inayotia nanga hapa na pale, ilichukua mwezi na zaidi. Kampuni za meli zikaona fursa, zikaanzisha safari za moja kwa moja kutoka San Antonio na Valparaíso zinazoitwa "Cherry Express", zinazofika kusini mwa China kwa siku 23 hivi. Tunda linalochumwa alfajiri huko Romeral linaogeshwa maji yanayokaribia barafu ndani ya saa chache, linapita kwenye mashine zenye kamera zinazotenga ukubwa na rangi, linafungwa kwenye mfuko maalumu unaolifanya lipumue polepole, kisha linashushwa karibu na nyuzi sifuri hadi Nansha, bandari ya Guangzhou. Ukubwa umepewa herufi: J, 2J, 3J. Kila J inayoongezeka ni pesa, na dalali wa soko la Jiangnan, Guangzhou, hazungumzi na wewe kabla hajaiona.

Hakuna mkataba ulioandika meli hizo. Lakini hakuna kampuni ambayo ingetenga meli nzima kwa tunda moja kama mashamba yasingekuwepo, na mashamba yasingekuwepo bila ile ratiba ya ushuru. Mnyororo ndio huo. Mkataba ulivuta miti, miti ikavuta meli, nayo meli ikaleta miti zaidi.

Nani alikula

Maule ulikuwa mkoa wa tufaha na divai. Miti mingi ya tufaha imeng'olewa kuipisha micheri. Fedha iliyoingia inaonekana kwa macho: vituo vya kufungashia vyenye mashine za gharama kubwa, vitalu vya miche, mafundi wa majokofu, wauza plastiki za kufunika mashamba dhidi ya mvua, na hata marubani. Mvua ikinyesha siku chache kabla ya kuchuma, cheri hunywa maji na kupasuka ngozi, basi wenye uwezo hukodi helikopta iruke chini juu ya miti ipeperushe matone. Ukisikia ngurumo ya helikopta asubuhi ya Desemba huko Curicó, hakuna aliyetoroka jela. Kuna mtu anakausha matunda.

Vibarua ni sura nyingine. Kuchuma cheri ni kazi ya mikono, haina mashine, na kwa wiki chache mabonde huhitaji maelfu ya watu kwa mpigo. Wanawake wa vijijini, wanaoitwa *temporeras*, wamekuwa uti wa mgongo wa matunda ya Chile kwa miongo mingi, na sasa wanafanya kazi pamoja na wahamiaji kutoka Haiti, Bolivia na Venezuela. Wengi hulipwa kwa ndoo au kwa boksi. Mwenye mikono myepesi hupata kwa siku moja ya Desemba pesa ambayo kazi ya kawaida isingempa. Ikifika Machi, kazi imekwisha. Takwimu ya ajira ikikusanywa mwezi wa mavuno humpendeza waziri. Ningependa kuona ileile ya Julai.

Mkulima mdogo naye ana hesabu yake, na mfanyabiashara wa Kariakoo angeitambua mara moja, maana ni mali kauli. Mkulima anakabidhi tunda kwa kampuni ya kuuza nje, anapewa kianzio cha kulipia vibarua na dawa. Kampuni inapeleka China kwa mwagizaji ambaye naye mara nyingi anauza kwa kamisheni. Hesabu kamili hurudi shambani baada ya miezi, ikiwa imekatwa nauli ya meli, ufungashaji, kamisheni ya huku na kamisheni ya kule. Bei ikipanda, kila mtu anafurahi. Ikishuka, nauli haishuki, ufungashaji haushuki, na pengo lote humwangukia aliye mwisho wa mstari, ambaye ndiye aliyepanda mti. Ushuru uliofutwa ulimfikia kwa njia hii hii, baada ya kupita mikononi mwa wengine wote.

Maji nayo yana mwenyewe. Tangu 2010 Chile ya kati imekuwa kwenye ukame mrefu, na sheria ya maji ya 1981 ilizifanya haki za maji kuwa mali inayouzwa na kununuliwa, hadi ilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Mwenye mtaji alichimba kisima kirefu zaidi. Kisha Juni na Agosti 2023 mito ikafurika katika mikoa hiyohiyo ya O'Higgins na Maule, ikasomba mashamba. Mti wa miaka saba haubebeki ukahamishwa.

Na upande wa pili wa mkataba? Magari ya Korea na China yamejaa mitaani, bei zake zimewasaidia watu wa kipato cha kati, wakiwemo wakulima wenyewe. Viwanda vya nguo na viatu vya Chile vilikuwa vimeshaanza kufa tangu milango ilipofunguliwa miaka ya 1970, kwa hiyo sitautwika mkataba maiti ambaye haukumuua. Lakini haukumfufua pia.

Msimu wa 2024/25

Mwaka Mpya ulikuwa tarehe 29 Januari 2025, mapema. Miti iliyopandwa kwa wingi miaka ya nyuma ilikuwa imefikia umri wa kuzaa sawasawa. Mavuno yakazidi ya msimu uliopita kwa karibu nusu, na yote yakakimbilia mlango mmoja kwa wakati mmoja. Bei za Guangzhou na Shanghai zikaanguka vibaya. "Uhuru wa cheri" uliwafikia watu wa kawaida wa China, nao wakulima wa Maule ndio walioulipia.

Katikati ya hayo ikaja meli ya Maersk Saltoro. Iliondoka Chile mwishoni mwa Desemba 2024 ikiwa na makontena zaidi ya 1,300 ya cheri, ikitarajiwa kufika kabla ya sikukuu. Injini ikaharibika Januari ikiwa katikati ya Pasifiki, ikaelea kwa wiki kadhaa. Ilipofika Nansha ilikuwa katikati ya Februari. Aliyewahi kuletewa na fundi kanzu ya Idi siku tatu baada ya Idi anaweza kukisia sura za wenye mzigo, na kanzu angalau haiozi.

Halikuwa pigo la kwanza. Januari 2021, wakati wa korona, zilienea habari kwamba chembe za virusi zimekutwa kwenye cheri za kutoka nje huko Wuxi, mkoa wa Jiangsu. Wanunuzi waliziacha sokoni kwa siku chache, na siku chache katika biashara ya siku chache ni msimu mzima. Ushuru ulikuwa sifuri wakati huo. Uliendelea kuwa sifuri meli ilipokuwa inaelea.

Hapa ndipo naona mkataba ulifundisha somo kwa nusu. Ulikuwa mmoja kati ya mingi. Chile ilikuwa na karatasi zilezile na Japani, Korea, Vietnam na nchi nyingine, lakini milango ya karantini haikufunguka kwa kasi sawa, na hakuna soko lingine lililokuwa na wanunuzi wengi wa tunda jekundu kama China. Kila aliyepanda alifanya uamuzi wa busara kwake binafsi. Ukijumlisha busara zote hizo unapata mabonde mawili yaliyokabidhi riziki yao kwa mnunuzi mmoja ndani ya wiki sita. Wapatanishi wa Busan hawakulifanya hilo, ingawa ratiba yao iliwafanya watu waamini kwamba mlango ukishafunguliwa hausongamani.

Kama ningeombwa nitoe alama, ningeupa mkataba alama nzuri kwa O'Higgins na Maule. Bila huo, sidhani kama Curicó ungekuwa na nusu ya vituo vyake vya kufungashia. Nisingeipa serikali ya Chile alama hiyohiyo kwa yaliyofuata: umwagiliaji wa wadogo, mikataba ya mali kauli inayomwacha mkulima bila bei ya chini ya uhakika, na kazi kubwa ya kufungua karantini za nchi nyingine kabla soko moja halijajaa. Toleo lililoboreshwa la mkataba, lililosainiwa Da Nang, Vietnam, Novemba 2017 na kuanza Machi 2019, liligusa biashara ya mtandaoni, forodha na mazao ya misitu. Mambo mazuri, ila si yale yaliyomuuma mkulima.

Baada ya msimu ule, wenye aina zisizopendwa tena na wenye miti inayotoa tunda dogo walianza kupiga hesabu ya kung'oa. Wengine walipogoa kwa nguvu majira ya baridi ya 2025, wakitaka matunda machache yenye J nyingi. Wauzaji nao wakazidi kuzungumzia India, Vietnam na Marekani. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2026 uliangukia tarehe 17 Februari, siku 19 baadaye kuliko ule wa 2025, na kwa msimu huo mkulima wa Lapins, aina mojawapo ya cheri, alikuwa na karibu wiki tatu zaidi za kuchuma na kupakia kabla soko halijafunga.